Uso Uliopotea Ufukweni

Mpwa wangu aliiona bahari kwa mara ya kwanza akiwa na miaka minne, na kamera ilikuwa mikononi mwangu. Dada yangu alikuwa amenikabidhi kazi hiyo tangu usiku wa kuamkia siku hiyo: nisiukose uso wa mtoto atakapoyaona maji. Niliingiza mkanda mpya wa Kodak Gold 200, wa picha 36, kwenye Pentax K1000 yangu, nikafuta lenzi mara mbili, nikalala na amani. Kesho yake mtoto alisimama pale povu linapoishia, maji yakamlamba vidole, akaruka nyuma kwa kelele, akasita, akarudi mwenyewe. Kabla jua halijazama nilikuwa nimemaliza mkanda mzima.

Picha ziliposafishwa, bahari ilikuwa nzuri mno. Povu lilikuwa jeupe, mawimbi yalikuwa na kila mkunjo wake, na anga lilikuwa na samawati ya kupendeza. Katikati ya uzuri huo wote kulikuwa na umbo jeusi la mtoto, kama limekatwa kwa mkasi. Dada yangu alizipitia picha moja moja, akazirudia kuanzia ya kwanza, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Uso wake uko wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilichukua bahasha na kurudi kwa fundi aliyeusafisha mkanda, nikiwa na hakika kwamba kosa liko kwenye dawa zake. Yeye hakubishana. Aliitoa negativu, akailaza juu ya meza yenye taa chini yake, akanipa kioo cha kukuzia. "Tazama hapa kijana," akasema. "Kwenye negativu mambo yamegeuka. Palipopata mwanga mwingi pamekuwa peusi, pasipopata mwanga pamebaki wazi, rangi ya chungwa ya filamu tupu. Haya, mtafute mtoto."

Nilimtafuta. Bahari ilikuwa nyeusi na nzito, imejaa maumbo. Mahali pa uso palikuwa wazi kabisa, mwanga wa meza ukipita bila kizuizi. "Mkanda haukuungua," fundi akasema, "na dawa haina kosa. Filamu yako haikumwona. Mimi nasafisha kilichoonekana. Kisichoonekana nitakitoa wapi?"

Ilinichukua siku kadhaa kuelewa nilichokuwa nimefanya. Kwa miaka mingi Kodak ilitoa pamoja na filamu zake mwongozo mfupi wa kupima mwanga kwa macho, na wapiga picha wengi wanaujua kwa kichwa: jua likiwaka wazi, weka tundu la lenzi kwenye f/16 (namba ikiwa kubwa, tundu ni dogo), na kasi ya shata, kile kipazia kinachofunguka kupitisha mwanga, iwe karibu na namba ya filamu. Kwa filamu ya 200, hiyo ni sekunde 1/250. Mwongozo uleule unasema kwamba kwenye mchanga mweupe au theluji uende f/22, kwa sababu hapo mwanga ni mwingi zaidi. Nami nilikuwa f/22. Sindano ya kipima mwanga cha kamera nayo ilitulia katikati, ikinithibitishia. Nilikuwa na mashahidi wawili waliokubaliana, basi nikaacha kufikiri.

Ila mwongozo huo una maneno mengine machache, ambayo nilikuwa nimeyasoma na kuyapita: mtu aliye karibu nawe akiwa ameupa jua mgongo, fungua tundu hadi f/8. Mpwa wangu alikuwa ameniangalia mimi, na jua lilikuwa nyuma yake juu ya maji. Kutoka f/22 hadi f/8 ni stopu tatu, na kila stopu ni mara mbili ya mwanga. Uso wake ulipata sehemu moja ya nane ya mwanga uliohitaji. Nilikuwa nimeipima bahari, nikampiga mtoto.

Ufukweni ndiko mahali rahisi zaidi pa kufanya kosa hili, na sababu yake ni namna kipima mwanga kinavyofanya kazi. Hakijui kilichoelekezewa. Kimetengenezwa kwa dhana kwamba ulimwengu ulio mbele yake, ukiuchanganya wote pamoja, ni wa kijivu cha kati, kile ambacho wapiga picha huzoea kukiita kijivu cha asilimia 18. Mwituni au barabarani dhana hiyo haiko mbali na ukweli. Kwenye ufuo, mchanga unang'aa, povu linang'aa, maji yanarusha vipande vya jua, na anga ni nusu ya picha. Kipima mwanga kinaona weupe huo wote na kutoa shauri la kuupunguza hadi uwe kijivu. Ukikitii, mchanga mweupe unatoka kama saruji, na kila chenye rangi nzito kinazama gizani. Jicho nalo halisaidii. Lenyewe hujirekebisha bila kukuaga: linatazama mawimbi, linatazama uso, linaona vyote. Filamu inatazama mara moja tu, kwa tundu moja.

Nilirudi ufukweni bila mtoto. Nilimwomba rafiki yangu aketi kwenye mchanga, mgongo kwenye jua, nikapiga picha moja kama sindano ilivyotaka, ya pili nikaongeza stopu moja, ya tatu mbili, ya nne tatu. Tukahamia pembeni, jua likawa ubavuni, nikarudia. Kila kitu niliandika kwenye daftari dogo: namba ya picha, tundu, kasi, jua lilikuwa wapi. Mkanda ule wa majaribio sina picha hata moja ya kuitundika ukutani, na bado ndio mkanda ulionifaa kuliko yote niliyowahi kupiga. Katika picha ya stopu mbili zaidi, macho ya rafiki yangu yalikuwapo, na bahari nyuma yake ilikuwa bado bahari. Katika ile ya stopu tatu povu lilianza kulainika na kupoteza kingo zake, lakini uso ulikuwa umejaa.

Hapo ndipo nilipoelewa msemo wa zamani wa watu wa chumba cha giza: pima kwa ajili ya vivuli, safisha kwa ajili ya sehemu zenye mwanga. Wapiga picha wa Marekani Ansel Adams na Fred Archer waliupangia hesabu kamili mnamo 1939 na 1940, katika utaratibu wao wa kanda za mwanga. Filamu ya negativu ina ukarimu wa upande mmoja. Ukiipa mwanga kupita kiasi, inauhifadhi, na fundi anaweza kuurudisha wakati wa kuchapa. Ukiinyima, haina cha kukurudishia. Ndiyo maana sasa, nikiwa na negativu, nikishuku naongeza, sipunguzi kamwe.

Mkanda wa slaidi, ambao filamu yenyewe ndiyo picha, si negativu, hauna ukarimu huo. Niliwahi kwenda ufukweni na Fujifilm Velvia 50, filamu iliyotoka mwaka 1990 na kupendwa kwa rangi zake nzito, nikaitendea kama negativu kwa kuongeza stopu moja kila mahali. Kwenye slaidi kinachopotea ni upande wa mwanga: povu lote lilitoka tupu, plastiki safi isiyo na alama. Kwa slaidi unapima kilicho cheupe na kuacha vivuli viende vitakapo. Nimeona hilo haliendi pamoja na ninachokitafuta mimi, ambacho ni watu, na sijairudia tena mchana wa jua kali. Kwa mapambazuko ufuo ukiwa mtupu, hakuna filamu ninayoipenda zaidi.

Ninachofanya sasa kupima uso ni kutumia kiganja. Nanyoosha mkono, nakigeuza kiganja kielekee upande uleule ambao uso umeelekea, ili kipate mwanga uleule, nasogeza kamera hadi kiganja kijaze fremu, nasoma sindano. Viganja vya watu, hata ngozi zao zikitofautiana sana, havipishani mno kwa weupe, na kwa kawaida vinang'aa stopu moja hivi kuliko kile kijivu cha kati. Basi nafungua stopu moja kuliko sindano inavyosema. Ngozi ikiwa nyeusi sana na uso uko kivulini, naongeza nusu au moja tena. Nikishapanga hivyo siigusi tena kamera, hata sindano ipande vipi ninapoigeukia bahari. Jambo hilo la mwisho lilikuwa gumu kwangu kuliko yote. Sindano ikiruka hadi juu kabisa kidole kinawasha kutaka kuirekebisha, na inabidi kukumbuka kwamba uso haujahama, jua halijahama, na kwa hiyo kipimo nacho hakijahama.

Kuhusu rangi ya ngozi kuna jambo ambalo fundi yule alinieleza siku nyingine, tukiwa tumeshazoeana. Kwa miongo mingi mitambo ya kuchapia picha ilirekebishwa kwa kadi za mfano zilizotoka Kodak, zenye picha ya mwanamke mweupe. Mafundi waliziita kadi za Shirley. Rangi ikikaa sawa kwenye ngozi yake, mtambo ulihesabiwa uko sawa. Watu weusi waliokuwa kwenye mkanda huohuo walitoka walivyotoka. Baadaye filamu zenyewe ziliboreshwa na kadi zikawekwa watu wa ngozi mbalimbali, lakini mazoea ya mkono hayabadiliki kwa siku moja, na mashine bado inatafuta wastani. Kwa hiyo hata negativu ikiwa imepata mwanga wa kutosha, ufuo wote mweupe huishawishi mashine kuchapa kwa kiza zaidi, na uso unapotea kwa mara ya pili, safari hii ukiwa umo ndani ya filamu. Tangu hapo siachi negativu mezani na kuondoka. Ninasema ninachotaka: angalia uso, mchanga uache uwe mweupe. Hata wanaochanganua negativu kwa kompyuta huwa nawaambia hivyo. Na negativu zenyewe lazima nirudishiwe, maana picha iliyochapwa vibaya ina tiba iwapo negativu ipo.

Uzito wa anga na bahari ni mgogoro wa zamani kuliko filamu yenyewe. Gustave Le Gray, Mfaransa, alipiga picha za bahari mwaka 1856 na 1857 kwa mabamba ya kioo yaliyopakwa kolodiani (utando wa kushikilia dawa za mwanga), ambayo yaliona sana rangi ya samawati. Mara nyingi anga liliungua kabla bahari haijatosheka. Katika baadhi ya picha zake alipiga negativu mbili, moja ya anga na moja ya maji, akaziunganisha kwenye mstari wa upeo wakati wa kuchapa. Nilipojifunza hilo nilipata faraja ya ajabu. Bwana yule alisimama mbele ya maji yaleyale, na mwanga uleule ukamkatalia.

Pana njia ya kuutatua ugomvi huo bila negativu mbili, nayo ni kusubiri. Jua likiwa utosini, macho ya watu yanakuwa mashimo mawili meusi chini ya paji la uso, na ukiongeza mwanga kuyafuata, kila kingine kinaungua. Jua likishuka, tofauti kati ya anga na uso inapungua yenyewe. Wingu jembamba likipita, hali huwa nzuri zaidi, na siku za mawingu ambazo watu huzikimbia ufukweni ndizo nilizopata nyuso bora. Mchanga wenyewe pia hutoa msaada. Mkavu na mweupe, unarusha mwanga kutoka chini na kujaza vivuli vya uso, kama mtu ameshika karatasi nyeupe mbele ya anayepigwa. Ukilowa unakuwa mzito na kuunyonya mwanga. Hatua tatu kurudi nyuma kutoka kwenye maji, kutoka mchanga mbichi hadi mkavu, zinaweza kuleta mwanga usiotarajia. Siku hizi nikimpiga mtu aliyeupa jua mgongo namwita kwanza aje mchangani kukavu.

Nilipoingia kwenye nyeusi na nyeupe nilianza kucheza na filta, vioo vya rangi vinavyovalishwa mbele ya lenzi. Filta nyekundu hulitia anga giza na kuyafanya mawingu yasimame, lakini inakula stopu tatu za mwanga. Ya rangi ya chungwa inakula mbili hivi. Kuna kitu kimoja ambacho sikukisoma popote kabla ya kukiona: ngozi hurudisha wekundu mwingi, kwa hiyo chini ya filta hizo uso unang'aa huku bahari nyuma yake ikizama. Kwa mtu mweusi mbele ya maji ya samawati, filta ya chungwa na filamu ya Ilford HP5 imenipa picha ambazo sikuwahi kuzipata kwa rangi. Nyekundu sasa siitumii kwa nyuso. Inafuta alama ndogondogo za ngozi hadi mtu anafanana na sanamu.

Filta ya kupunguza mng'ao nilikuwa nayo mwaka mzima, kisha nikaiacha. Inafanya kazi yake: ukisimama na jua ubavuni na kuizungusha, anga linakolea na maji yanaacha kumetameta hadi unaona mchanga chini yake. Lakini nilipoziweka picha za mwaka ule mezani, niliona nimeyanyamazisha maji. Vimeta vile vya jua ndivyo vinavyomfanya mtu akunje macho akitazama bahari, na mimi nilitaka mtazamaji wa picha naye akunje macho.

Upande wa kamera yenyewe, adui ni mchanga zaidi ya maji. Mkanda wa milimita 35 hukaa ndani ya kopo lenye mdomo uliopambwa kwa kitambaa laini cheusi, kinachozuia mwanga usipenye. Siku moja nilibadilisha mkanda nikiwa nimepiga magoti, upepo ukivuma chini chini. Chembe moja tu ya mchanga ilinasa kwenye kitambaa kile. Filamu ikapita juu yake kila nilipovuta, na kila ilipopita ilichorwa. Picha ziliporudi zilikuwa na mstari mmoja mwembamba ulionyooka, kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho, umepita katika anga la kila mmoja aliyekuwapo siku ile. Sasa nabadilisha mkanda nimesimama, mgongo kwenye upepo, kwenye kivuli cha mwili wangu mwenyewe ikiwa hakuna kivuli kingine, maana mwanga mkali nao hupenya kwenye ule mdomo na kuunguza mwanzo wa mkanda. Mikanda iliyobaki naiweka ndani ya vikopo vyake, na vikopo ndani ya mfuko unaofungwa. Na sipaki mafuta ya jua kwenye vidole vya mkono wa kulia.

Chumvi huja polepole. Huioni, ila jioni ukiutazama uso wa lenzi dhidi ya taa unaona ukungu. Kosa la kwanza ni kuufuta kwa kitambaa kikavu, kwa sababu chumvi na vumbi la mchanga vilivyokauka hukwaruza kioo. Puliza kwanza, kisha kitambaa kilicholoweshwa kidogo kwa maji yasiyo na chumvi, kisha kikavu. Mimi huvalisha lenzi filta isiyo na rangi siku zote za baharini, ili anayeumia awe filta. Mwili wa kamera naufuta vivyo hivyo, hasa pale betri inapokaa, kwa kuwa chumvi huvuta unyevu hewani na kutu huanzia hapo. Kamera iliyozama baharini sina dawa yake. Kwa watu wanaotaka kuingia nayo majini, zilikuwapo kamera zilizotengenezwa kwa kazi hiyo tangu 1960, ilipotoka Calypso aliyoibuni Jean de Wouters kwa ajili ya mpiga mbizi Mfaransa Jacques Cousteau, ambayo miaka mitatu baadaye iligeuka kuwa Nikonos. Mimi nabaki nchi kavu.

Joto pia niliseme, kwa ufupi. Usiache mkanda kwenye gari lililofungwa, uliopigwa au usiopigwa. Rangi zinahama na vivuli vinapata utando. Ukiutoa kwenye friji, uache saa chache upate joto la chumba kabla hujafungua kikopo, la sivyo unyevu utaukalia.

Kuna jioni ambazo siwatafuti watu. Hubaki hadi rangi zote ziishe, kamera kwenye miguu mitatu, nikiacha shata wazi. Kwenye mwanga hafifu filamu huchoka: kipima mwanga kikikuambia sekunde 10, HP5 kwa hesabu ya Ilford wenyewe inahitaji kama 20. Usipoongeza, unarudi na kiza. Miguu ya kamera nayo inadanganya. Kila wimbi linalorudi huchota mchanga chini yake, na kamera inazama kwa upana wa unywele wakati shata iko wazi. Huikandamiza miguu kwa uzito wangu wote, nasubiri mawimbi mawili matatu yapite, ndipo naanza. Mawimbi katika sekunde 20 huwa moshi. Mpiga picha Mjapani Hiroshi Sugimoto amekuwa akipiga bahari tangu 1980, katika sehemu nyingi za dunia, na upeo wa macho karibu kila mara unaigawa picha katikati, maji nusu na hewa nusu, bila kitu kingine. Nilipoziona kwa mara ya kwanza niliacha kuhangaika kutafuta mwamba au mashua ya kuweka mbele. Nilichochukua kwake ni kuunyoosha mstari ule. Upeo ukiinama hata kidogo, bahari inamwagika nje ya picha.

Ila moyo wangu uko kwa wale wanaoingia majini. Mikanda yangu imejaa watu wasiojua kwamba wanang'aa: wazee wanaopandisha nguo hadi magotini, wavulana wanaojizika mchangani, mama anayeshika viatu vya watoto watatu kwa vidole vya mkono mmoja. Naomba ruhusa kabla, au nikikosa nafasi naomba baada. Ufukweni watu wamevua sehemu ya ulinzi wao, na kamera isiwe ya kuwavizia. Nikiambiwa hapana naishusha. Na ninajua nina picha 36 tu, kwa hiyo kwa kila wimbi najiuliza kama hili ndilo. Mara nyingi silo. Nimeshaweza kukaa saa nzima na kurudi na picha nne.

Katika ule mkanda wa kwanza palikuwa na picha moja iliyosalimika. Ni ya 29. Dada yangu alikuwa amemwita mtoto kutoka nyuma, upande wa majini, mtoto akageuka nusu ghafla kumtafuta, na jua likamwangukia usoni kutoka ubavuni. Amekunja macho, mdomo wazi, shavu moja lina mchanga. F/22 ile, iliyoniharibia zote, hapo ilikuwa karibu na haki yake. Dada ameitundika. Wageni husifu picha, naye huwaambia kuna nyingine 35 zisizo na uso, na hazitupi.

Mpwa wangu sasa ana miaka kumi na mitano. Mwezi uliopita tulikwenda tena, sisi watatu, jua likiwa limekaa chini juu ya maji, mahali palepale pabaya. Nilimwambia asimame pale. Akasogea hatua tatu hadi mchangani kukavu bila kuambiwa, akaupa jua mgongo, akanyoosha mkono mbele ya kifua chake na kukigeuza kiganja upande wangu.

"Pima hapa kwanza, mjomba," akasema.

Nikasogea, kiganja kikajaa fremu, nikafungua tundu hadi f/8, kisha nikaongeza kidogo. Alipoushusha mkono, macho yake yalikuwa yananitazama.